Mwanangu anasoma kitabu kizima bila kukosea, lakini neno moja likiwa peke yake linamshinda

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa pili ana miaka minane, yuko darasa la pili shule ya serikali hapa Shinyanga. Kitabu chake cha kusoma anakisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, hakosei. Juzi dada yake alichukua neno 'samaki' kutoka kwenye kitabu hicho hicho, akaliandika nyuma ya daftari. Mtoto akalikodolea macho, akasema 'sokoni'. Nimeogopa sana. Imla anapata moja kati ya kumi, au sifuri. Mwalimu wake anasema ni mvivu, na kweli darasa lao lina watoto zaidi ya mia. Nyumbani tunaongea Kisukuma na Kiswahili, na hapa ni msemaji hasa, ila nimeambiwa darasani hafungui mdomo. Baba yake anataka mwakani tumhamishie English medium. Bibi yake anasema shida ni mkono wa kushoto anaoandikia, tumbadilishe. Nianzie wapi?"

Marahaba, mama. Mshukuru binti yako kwanza. Jaribio lake la nyuma ya daftari limefichua jambo ambalo ripoti ya shule isingekuonyesha: mdogo wake bado hasomi, anakariri. Amelisikia darasa zima likiutamka ule ukurasa mara nyingi, anajua picha iko upande gani na sentensi ipi inafuata, na kumbukumbu yake inamaliza kazi. Alipopewa "samaki" bila picha na bila wenzake, alishika herufi ya kwanza, yaliyobaki akayabahatisha. Huo si uvivu. Mtoto mvivu hahifadhi kitabu kizima kichwani.

Nyuma ya swali lako nasoma hofu mbili: kwamba huenda akili yake ina kasoro, na kwamba muda umeshapita. Kwa haya uliyoniandikia, sioni dalili ya la kwanza, na la pili si kweli. Kuna hatua moja hakuvushwa, na miaka minane ni umri mzuri kabisa wa kuvushwa.

Mtoto akikaa na watu wanaoongea, ataongea bila kuwekwa darasani. Kusoma hakuji hivyo. Ni lazima mtu amfundishe kwamba neno analolitamka linakatika vipande, na kwamba kila kipande kina alama yake kwenye karatasi. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walilieleza hili kwa namna ambayo mwalimu yeyote wa hesabu angeipenda: kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili, uwezo wa kuzigeuza herufi kuwa matamshi na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Unazidisha, hujumlishi. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mwanao lugha anayo tele, wewe mwenyewe unasema ni msemaji. Upande wa herufi ndio ulio karibu na sifuri, na ndio wa kushughulikia.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Irabu ni tano tu na hazibadiliki. "A" ya "baba" ndiyo "a" ya "kalamu". Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Wanaojifunza kwa Kifini, Kigiriki na Kiitaliano, ambako herufi hutamkwa jinsi ilivyoandikwa, walikuwa wakisoma zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza. Wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walikuwa kwenye theluthi moja hivi. Kwa tahajia, Kiswahili kiko kundi moja na Kifini na Kiitaliano. Mlango ukifunguka, unafunguka haraka.

Kwa hiyo anza kwa kujua anachojua. Jioni moja mkiwa wawili tu, ficha kitabu. Mwandikie irabu tano bila mpangilio, kisha m, s, l, n, t, k, b, na umuulize kila moja inatoa sauti gani. Usiulize inaitwaje. Halafu mwandikie silabi: sa, mo, lu, ke, ti. Mwisho mpe maneno ambayo hayapo duniani: mosa, luke, tibo, kesulo. Hayo hayamo katika kitabu chochote, hivyo kumbukumbu haina pa kushika. Mtoto anayeweza kusoma "kesulo" anasoma kweli. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia. Siku hiyo usimsahihishe, andika tu tarehe na alichosema, na hiyo karatasi uitunze.

Kuna mtego mmoja nataka uuchunguze jioni hiyo hiyo, maana nakutana nao kila mara. Kama alipitia chekechea ambako waliimba "ei, bi, si, di", huenda anachojua ni majina ya Kiingereza ya herufi, na sauti hazijui. Ukimwambia aunganishe m na a anasema "em-ei", na hapo "ma" haitatoka mpaka kesho. Kwenye kuandika inakuwa mbaya zaidi. B inaitwa "bi", basi "bibi" anaandika "bb". C inaitwa "si", basi "sisi" anaandika "cc". Fungua madaftari ya imla uangalie. Ukikuta makosa ya namna hiyo, masikio yake ni mazima na akili yake inafuata kanuni aliyopewa. Ni kanuni ya lugha nyingine. Yaweke hayo majina kando kwa miezi michache, mtumie sauti tu.

Sasa kufundisha. Hakikisha irabu zote tano zimekaa, kisha ingiza m, l na s. Nazichagua hizo kwa sababu sauti zake zinavutika bila kukatika. Weka kidole chake juu ya m, mseme pamoja "mmmm", kidole kiteleze hadi kwenye a huku sauti ikiendelea: "mmmmaaaa". Rudieni kwa kasi kidogo, kisha kwa kasi zaidi, mpaka itoke "ma". Hapo ameona kwa macho na kusikia kwa masikio jinsi silabi inavyozaliwa. B, t, k na p hazivutiki hivyo. Mtoto akilazimishwa kutamka b peke yake huongeza irabu ya kubuni nyuma yake, anaishia "bu-a" badala ya "ba". Ziache zije baadaye, na zikija zije moja kwa moja kama ba be bi bo bu.

Usidharau konsonanti tatu. Kwa m, l, s na irabu tano mtoto anasoma lala, lima, soma, sema, meli, asali, salama, ulimi, simama. Anasoma hata sentensi: "Mama amelala." "Salama alisema soma." Kata kadi kutoka kwenye boxi tupu, andika silabi moja kila kadi, mpangie "so" na "ma". Akishasoma, ondoa "so" uweke "se", kisha "si", kisha "li": soma, sema, sima, lima. Kadi ya "ma" haijasogea hata kidogo, na kila kadi ya mbele ikibadilika neno linakuwa jingine. Hili ndilo alilolikosa siku ya "samaki". Hakujua kwamba kila kipande cha neno lazima kiangaliwe.

Robo saa kwa siku inatosha, siku tano kwa wiki, na acheni akiwa bado anataka. Robo saa ya kila siku inazaa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu ubongo hushika kitu kinachorudiwa baada ya mapumziko. Sauti mpya mbili kwa wiki si kidogo. Na fimbo isiwepo kabisa, wala kejeli za ndugu zake. Mtoto mwenye hofu anatumia akili yake kuitazama fimbo, na nafasi ya kuunganisha sauti haibaki.

Kuna zoezi ambalo halihitaji hata karatasi. Muulize kama anajua kuongea kinyume, ule mchezo wa watoto wa kugeuza silabi: "kalamu" ikawa "mukala", "twende" ikawa "ndetwe". Kama anaujua, masikio yake tayari yanakata silabi vizuri, na kazi iliyobaki ni kuzifunga kwenye alama. Kama haujui, cheza naye mkichambua mchicha: "Kalamu, toa ka, inabaki nini?" "Lamu." Au: "Nitajie kitu hapa ndani kinachoanza na sss." Watoto wengi wanaoonekana kushindwa herufi, kilichowashinda ni hiki, kusikia kwamba neno lina vipande.

Silabi zikishakaa, utakutana na ugumu wa Kiswahili chenyewe: maneno yetu ni marefu. "Hawakutufundisha" ni neno moja lenye silabi saba, na msomaji mchanga akifika "sha" ameshaisahau "ha". Hapo funika kwa kidole. Mwonyeshe "fundisha" kwanza, kisha "tufundisha", kisha neno zima. Na ukikata, kata Kiswahili: fu-ndi-sha, si fun-di-sha, kwa kuwa nd, mb, nj na ng hukaa pamoja na irabu inayofuata. M ya "mtoto" na "mbwa" na n ya "nchi" husimama peke yake, ni silabi kamili. Irabu mbili zikifuatana, kila moja ina pigo lake: ka-a, sa-a. Watoto wengi huandika "ka" wakikusudia "kaa", na kupiga makofi mara mbili kunalimaliza hilo. Ng' ya "ng'ombe", dh, th na gh ziwe za mwisho kabisa.

Kuhusu imla, sifuri haikuambii kitu mpaka uone ni sifuri ya namna gani. Mtoto anayeandika "lafiki" badala ya "rafiki", au "zahabu" badala ya "dhahabu", ameandika anachokisikia kwa watu wanaomzunguka, na huko kwenu l na r huingiliana sana. Huyo tahajia itamrekebisha taratibu akisoma. Mtoto anayeandika "rfk" amesikia sauti lakini irabu hazijui kuzishika. Anayeandika "ramani" amebahatisha. Ni shida tatu tofauti zenye alama moja nyekundu. Nyumbani mpe maneno matatu tu kwa siku, yenye silabi alizojifunza. Alitamke neno, alikate kwa vidole vyake, aliandike silabi kwa silabi, kisha asome alichoandika. Hesabu silabi alizopata. "Samki" ina mbili kati ya tatu, na hiyo ni habari njema ya kumwambia.

Bibi yake mwambieni kwa heshima kwamba mkono haumo katika kesi hii. "Samaki" ilimshinda kwa macho, hakuwa ameshika kalamu. Karibu mtu 1 kati ya 10 hutumia mkono wa kushoto, na wengi wao wanasoma na kuandika vizuri tu. Kumbadilisha kutamwongezea mzigo wa pili wakati wa kwanza haujashuka. Anachohitaji ni kukaa mwisho wa dawati upande wa kushoto ili kiwiko kisigongane na jirani, daftari liinamishwe ukingo wa juu uelekee kulia, na penseli ashike juu kidogo ya pale wenzake wanaposhika ili aone anachoandika. Kugeuza b ikawa d ni kawaida kwa wanaoanza, wa kulia na wa kushoto. Izoeshe b mpaka ikae, ndipo umletee d.

Ukimya wake darasani naamini unatoka pale pale. Darasa la watoto mia huendeshwa kama kwaya, na ndani ya kwaya asiyejua wimbo anachezesha midomo. Akisimamishwa peke yake atajulikana, basi anaona afadhali anyamaze. Ukimya huu hauondoki kwa kuambiwa "jiamini". Unaondoka anapokuwa na kitu anachokiweza kweli. Ila kuna la kufanya wakati mnangoja. Kisukuma msikikataze, mtoto anayejua kupanga kisa kwa Kisukuma anahamisha ujuzi huo huo kwenye Kiswahili. Kila siku akusimulie jambo moja kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, na kazi yako iwe kuuliza "halafu?" na "kwa nini?" Vitendawili vinafaa mno. Mwache yeye atege: "Kuku wangu katagia miibani." Mkishajibu nanasi, aeleze kwa nini ni nanasi. Hayo maelezo ndiyo mazoezi ya kuzungumza ambayo darasa la mia haliwezi kumpa. Kisha chukua sentensi tatu za kisa chake, ziandike kama alivyosema, azisome. Zikate maneno na kuyachanganya kwanza, la sivyo huyu wetu atazikariri.

Sasa suala la baba yake. Uwezo wa kuunganisha sauti na herufi mtu hujifunza mara moja, kisha huutumia kwa lugha yoyote inayofuata. Njia rahisi ni kujifunza kwa lugha unayoielewa na yenye tahajia nyoofu. Mkimpeleka sasa shule ya Kiingereza, atakutana na maneno asiyoyajua maana, yaliyoandikwa kwa tahajia isiyotabirika, huku hatua ya kwanza bado hana. Ninachohofia zaidi ni kwamba atakariri tena, na safari hii itachukua muda mrefu kugundulika kwa sababu nyumbani hakuna wa kumpima. Upande wa pili nao nauona: baadhi ya shule hizo zina watoto thelathini darasani, na mwalimu mwenye watoto thelathini anaweza kumsikiliza kila mmoja. Faida hiyo ni ya kweli, lakini inatokana na ukubwa wa darasa. Kama fedha ipo, mimi ningeitumia kwanza kumlipa mwalimu mmoja mvumilivu wa madarasa ya chini, akae naye peke yake nusu saa mara tatu kwa wiki. Tuisheni ya watoto arobaini wanaonakili ubaoni haitamsaidia. Akishasoma Kiswahili bila kukwama, mzungumzeni upya uhamisho.

Na mwalimu wake usigombane naye. Neno "mvivu" halikumtendea haki mtoto, lakini mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia hawezi kujua kila mmoja anakwama wapi. Nenda na ile karatasi ya jioni ya kwanza, muombe mambo mawili tu: mtoto akae mbele, na mara moja au mbili kwa wiki asomeshwe mistari michache peke yake, pembeni, si mbele ya darasa. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa mwaka 2015 ukaweka uzito kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu ya watoto kama huyu, waliokuwa wakipanda madarasa bila kusoma, na mwalimu anajua hilo kuliko mimi na wewe. Upimaji wa kitaifa wa darasa la pili usikuogopeshe. Kinachonisumbua ni darasa la tatu, ambako masomo yanaongezeka na kila moja linadai msomaji. Likizo ya mwisho wa mwaka mna nafasi nzuri ya kuziba pengo. Kurudia darasa la pili kutasaidia ikiwa tu mwaka wa kurudia utakuwa na mafunzo tofauti; kukaa tena ndani ya kwaya ile ile hakutaongeza kitu.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyaona, kwa hiyo kabla ya mwezi huu kuisha mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya apimwe macho na masikio. Usiseme "anaona vizuri, anacheza mpira". Mpira ni mkubwa, herufi ni ndogo. Kama amewahi kutoka usaha sikioni, au huwa anakujibu "eeh?" ukimwita kwa nyuma, sema hivyo kwa daktari. Sema pia kama kuna nyakati anakodoa macho sekunde kadhaa kama hayupo, kisha anarudi bila kujua kilichopita. Hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa na ina dawa. Na kama alikuwa anaweza jambo zamani, kuongea au kuandika jina lake, na sasa hawezi tena, usingoje hata wiki.

Macho na masikio yakiwa salama, mpe miezi mitatu ya robo saa za kila siku. Watoto wengi wa namna yake mwezi wa tatu wanasoma maneno ya silabi mbili na tatu. Kama bado silabi kumi za kwanza hazikai, leo anazijua na kesho zimefutika, au kama kwenu wapo watu wazima werevu ambao kusoma kuliwashinda, huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kuunganisha herufi na sauti. Si upungufu wa akili, na haigunduliwi kwa kumtazama mtoto mara moja. Katika lugha yenye tahajia nyoofu kama yetu mara nyingi huonekana kwa usomaji wa polepole mno hata pale anaposoma sahihi, ndiyo maana hupita bila kutambuliwa. Hapo mwombe mwalimu mkuu akuandikie barua ya kwenda kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yenu, na nenda na mtoto mwenyewe, daftari la imla lenye tarehe, majibu ya hospitali, na ile karatasi ya mosa, luke, tibo na kesulo.